Safari Hewa

Saa nane na robo mchana, mlango wa kioo wa jengo la Uelekezaji ulifunguka, na kabla mwanamke aliyekuwa akitoka hajakanyaga ngazi ya kwanza, dungu lilikuwa limekwisha kushuka kumpokea. Hakuwa ameliita. Hakubonyeza kitufe wala kutamka neno. Lilijishusha lenyewe kwenye waya wake, likafungua ubavu, na sauti tulivu ikasema kwamba safari ni ya nyumbani, Pasiansi, dakika tisa.

Hivyo ndivyo watu wa Mwanza walivyosafiri miaka hiyo. Nyaya zilitandazwa kutoka kilima hadi kilima, juu ya majabali na mapaa, na kwenye nyaya hizo vilining'inia vyumba vidogo vya watu wanne wanne, vyepesi kama vikapu, visivyo na dereva wala kelele. Wazee ndio waliovipa jina la madungu, kwa kuwa viliwakumbusha vile vibanda vya juujuu vya mashambani ambamo watu walikaa kufukuza ndege wasile mtama. Jina likashika, hata kwenye barua za serikali.

Lakini ajabu ya mji haikuwa nyaya. Ajabu ilikuwa Mbashiri, ubongo wa mashine uliolazwa chini ya mwamba wa Capri Point na kupozwa kwa maji ya ziwa. Mbashiri alijua zamu za wauguzi, ratiba za shule, siku za kliniki za wajawazito, na saa ambayo kila fundi hufunga duka lake. Alizisoma hatua za mtu kuanzia kitandani hadi mlangoni, akakisia anakokwenda, akalituma dungu kabla mwenyewe hajavaa viatu. Katika safari mia alikosea tatu. Watu walimsema kama wanavyomsema binadamu, na walioudhika naye walikuwa wachache sana, au ndivyo ilivyoaminika pale kwenye jengo la Uelekezaji.

Mwanamke aliyesimama kwenye ngazi aliitwa Nkwimba Lugembe, mhandisi wa miaka arobaini na tisa, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kanuni ambazo Mbashiri alizifuata. Siku ile ya Jumanne alipaswa kuwa mkutanoni hadi jioni. Wajumbe kutoka Bukoba na Musoma walikuwa wanakuja kuuchukua mfumo mzima na kuupeleka kwao, na Nkwimba alitakiwa kuweka sahihi kwamba kanuni zote ni sawa. Ila upepo wa ziwani uliwachelewesha wageni, na mkutano ukasogezwa hadi kesho yake asubuhi. Ghafla alikuwa na mchana mzima usio na kazi, jambo ambalo halikumtokea kwa miaka.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Holo, binti yake wa pekee, alikuwa amehamia Dodoma mwezi uliopita kuanza kazi, na tangu siku hiyo nyumba ya Pasiansi ilikuwa na mwangwi. Nkwimba alikaa kitini ndani ya dungu, akaangalia anga jeupe juu ya jabali la Bugando, na akajikuta hataki kwenda huko.

"Usinipeleke nyumbani," alisema. "Nizungushe tu mjini."

"Sababu ya safari?" Mbashiri aliuliza.

"Sina sababu. Kutembea."

"Safari hewa haziruhusiwi. Ungependa kupelekwa nyumbani?"

Nkwimba alicheka peke yake, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yake. Miaka tisa nyuma, kwenye ule mwaka ambao ziwa lilipungua na mitambo ya umeme ikakohoa, aliamriwa kupunguza theluthi ya umeme uliotumiwa na madungu, tena ndani ya wiki sita. Aliketi na kumbukumbu za safari usiku na mchana, akagundua kwamba safari moja katika kila tano haikuwa na sababu yoyote. Watu walipanda, wakazunguka, wakateremka walipopandia. Akaziita safari hewa, kama vile zamani watu walivyowaita wafanyakazi hewa wale ambao majina yao yalikuwamo kwenye orodha ya mishahara na wenyewe hawakuwapo. Kanuni ilikuwa ya mistari kumi na mmoja. Umeme ukatosha, taa za hospitali hazikuzimika hata siku moja, na Nkwimba akapewa ngao ambayo mpaka leo ilining'inia ofisini kwake.

Sasa kanuni ile ile ilikuwa imemfungia mlango. Ilibidi atumie ruhusa ya wahandisi, akatamka kwamba hii ni safari ya ukaguzi wa njia. Mbashiri akakubali mara moja. Dungu la ukaguzi halikuwa na mwisho wa safari. Lilipita njia zote taratibu, na lilisimama kwenye kila kituo lilipoona mtu. Likainuka, likaiacha ardhi, na Nkwimba akajiona kama mtoto aliyetoroka shule.

Alishuka kwanza Kirumba, kwa sababu tu harufu ya samaki ilimfikia juu kabla ya kuyaona mapaa ya soko. Chini kule mikono ya chuma iligeuza dagaa kwenye chanja ndefu, na nyuma ya kila mkono alisimama mwanamke mmoja, akinusa. Alimuuliza mmoja wao kwa nini bado wapo, na mwanamke akamweleza kwamba mashine inajua dagaa aliyekauka, ila haijui dagaa aliyeanza kuchacha. Nkwimba alikula sato wa kuchoma akiwa amesimama, kwa vidole, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Mchomaji akataka kujua anauza nini au ananunua nini. Alipojibu kwamba amekuja kutembea tu, yule bwana alimtazama kwa muda, akasema kwamba watu wa namna hiyo walikuwa wengi zamani, tena ndio waliokuwa wakikaa wakazungumza. Siku hizi anayeshuka hapa ana shughuli, na akiimaliza, dungu lake limekwisha fika.

Maneno hayo yalimganda kidogo, lakini hakuyatilia uzito. Alinawa mikono akapanda tena.

Dungu lilipanda kuelekea Igogo, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe, jiwe juu ya jiwe, hadi mtu hajui ukuta unaishia wapi na mlima unaanzia wapi. Kituo cha Igogo Juu kilikuwa kwenye bapa la jabali. Nkwimba alikitambua kutoka kwenye ramani za ofisini, ambako kiliwekwa alama ya kijivu, maana yake hakina wasafiri saa hizi. Hata hivyo dungu likapunguza mwendo, likasimama.

Kituoni alikuwapo mwanamke wa miaka kama sabini, mrefu, mkavu, amejifunga khanga kiunoni juu ya gauni la kitenge, raba miguuni, na kikapu cha ukindu mkononi. Aliutazama mlango uliofunguka kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akaingia upesi, akaketi, akakiweka kikapu mapajani na kukishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," Nkwimba alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyenisimamishia?"

"Limesimama lenyewe, mama."

"Haliwezi kusimama lenyewe," yule mama alisema, bila hasira yoyote. "Tangu Mei halijawahi kunisimamia siku isiyo ya kanisa wala kliniki."

Ulikuwa mwezi wa Oktoba. Nkwimba alimuuliza jina, akaambiwa ni Eustella, mjane wa Bulugu, fundi mawe. Alimuuliza pia anakwenda wapi, na hapo Mama Eustella akasita, akamwangalia usoni kumpima, kisha akaamua kusema kweli. Haendi popote. Anataka kuzunguka.

Habari yake aliieleza polepole, dungu likielea juu ya mabonde. Bulugu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Matanga yalipoondolewa, watoto wakarudi kwenye kazi zao, Geita na Kahama na mmoja mbali kabisa, na nyumba ikawa kubwa. Mchana mmoja alipanda dungu ili asikie tu watu wengine wakipumua. Ndani kulikuwa na wageni watatu, mmoja akamsalimu, wa pili akamwonesha picha ya mjukuu. Kesho yake akapanda tena. Haukupita mwaka, akawa na mtu wa kumjulia hali karibu kila mtaa.

Mbashiri alipomtaka sababu, alimwambia anakwenda sokoni. Mbashiri akaamini kwa miaka miwili na zaidi. Lakini dungu hupima uzito wa kila kinachoingia na kutoka, na mwezi wa Mei Mbashiri alihitimisha kwamba kikapu cha Mama Eustella kilikwenda kitupu na kurudi kitupu. Tangu siku hiyo dungu lilimjia Jumapili kumpeleka kanisani, na lilimjia siku ya kliniki. Siku nyingine alisimama juu ya jabali, madungu yakampita na taa zao za kijani. Siku za kliniki aliomba kugeuziwa njia akamwone rafiki yake. Mbashiri akadai jina kamili na namba ya nyumba, na yeye hakuwa na kimojawapo. Alijaribu kwenda kwa miguu, goti likamkatalia hata nusu ya njia hajafika, akarudishwa kwa mkokoteni wa mawe. Mwishowe alipeleka malalamiko.

"Walikujibu?" Nkwimba aliuliza.

"Walinijibu vizuri. Walisema, kwa sasa hakuna safari inayokuhusu." Mama Eustella alitabasamu kidogo. "Nilidhani nimefanya kosa. Nikakumbuka ule uongo wa soko, nikasema basi, wamenishika."

Nkwimba aligeuza uso akatazama nje. Sentensi ile aliijua. Aliidhinisha yeye mwenyewe mchana mmoja, kati ya sentensi tano alizoletewa, na aliichagua kwa kuwa aliiona ya adabu kuliko zote. Angeweza kusema palepale. Hakusema. Alimuuliza badala yake angependa kuanzia wapi, na mama akajibu haraka, kama aliyekuwa na jibu mdomoni tangu Mei, kwamba waanzie Mabatini.

Mabatini, mbele ya kituo, Fundi Masunga alikuwa na banda la kutengeneza mikono ya roboti wabeba mawe. Alipomwona Mama Eustella aliweka chini bisibisi, akanyanyuka, akamshika mikono yote miwili. Kisha akaingia ndani na kutoka na kifurushi cha karatasi. Ilikuwa miwani. Mama aliiacha kwake mwezi wa tano ili mkono mmoja wa miwani uungwe, na Masunga alikuwa ameiunga siku ileile, akaihifadhi, akiipangusa vumbi kila Jumamosi. Alimweleza Nkwimba kwamba walifikiri mama amehama mji, na wengine walifikiri mabaya zaidi, ila kwa kuwa hakuna aliyejua anakoishi, hawakuwa na pa kwenda kuuliza. Walinywa chai ya tangawizi wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Majirani wakaja mmoja mmoja, na kila mmoja aliuliza lilelile, ulipotelea wapi, na kila mara Mama Eustella alijibu kwamba goti lilimsumbua. Hakuwaambia kuhusu Mbashiri. Nkwimba alielewa kwamba anaona haya.

Hata hivyo ulikuwa mchana mzuri. Nkwimba hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa mahali bila kuangalia saa. Walipita juu ya mtaa wa Mlango Mmoja, Mama Eustella akimwonesha ukuta ambao Bulugu aliujenga kwa mikono, mawe yamepangwa bila saruji, na bado umesimama ingawa barabara iliyokuwa chini yake sasa ni shamba la mboga. Alimwonesha nyumba ya mpiga ngoma ambaye hulala mchana, na dirisha ambalo paka wa njano hukaa. Alijua mji ule kwa namna ambayo Mbashiri, kwa akili yake yote, hakuujua, na Nkwimba alisikiliza kama mwanafunzi. Akiwa na miwani yake machoni, mama alionekana amepungua miaka kumi.

"Sasa twende Nyakato," alisema. "Leo ni Jumanne. Leokadia atakuwa amenikasirikia, acha anikasirikie."

Leokadia alikuwa mshonaji. Mashati ya mji mzima yalichapwa na mashine siku hizo, yeye alibaki na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, akibadilisha zipu na kupunguza mikono iliyozidi. Walikutana ndani ya dungu, Jumanne moja, wakashuka pamoja, na tangu hapo kila Jumanne Mama Eustella alikaa kwenye baraza lake mpaka saa kumi. Nkwimba alishangaa kwamba hawakupeana namba za simu.

"Simu ya nini," Mama Eustella alijibu, "na Jumanne ipo?"

Kutoka kituo cha Nyakato ilikuwa hatua mia moja tu. Mama alitangulia, akisahau goti. Nkwimba alimwona anapunguza mwendo kabla hawajafika, halafu anasimama kabisa. Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa palikuwa na vumbi.

Mwanamke kijana alitoka ndani akiwa na mtoto mgongoni. Aliwatazama wote wawili, macho yake yakatua kwenye kikapu.

"Wewe ndiye Mama wa Jumanne?" aliuliza.

Aliitwa Veneranda, mkwe wa Leokadia. Aliwaketisha mkekani, akawaletea maji, kisha akaeleza. Mama mkwe wake alishikwa na maradhi ya moyo mwezi wa saba mwishoni. Hakulala hospitali siku nyingi, alitaka nyumbani. Kila Jumanne, hata alipokuwa hawezi tena kukaa, aliagiza kiti cha pili kiwekwe barazani. Walimuuliza mgeni anaitwa nani, akawatajia Eustella. Walipomuuliza anakaa wapi, alisema juu, kwenye mawe. Veneranda mwenyewe alikwenda kituoni Jumanne mbili akasimama kuanzia saa saba, akimwangalia kila mwanamke mwenye kikapu. Leokadia alifariki tarehe kumi na nne Agosti, akazikwa kesho yake. Watu walikuja wengi.

Mama Eustella alivua viatu. Alifanya hivyo taratibu, kimoja baada ya kingine, akavipanga ukutani, kisha akakunja miguu na kuinamisha kichwa. Hakulia kwa sauti. Alisema mara moja tu, kama anayejisemea mwenyewe, "Hata udongo sikumtupia." Veneranda alimteremsha mtoto mgongoni, akamlaza mapajani mwa Mama Eustella, kikapu kikiwa kimesukumwa pembeni. Nkwimba alikaa mkono kifuani. Alijua tarehe kumi na nne Agosti alikuwa wapi. Alikuwa ofisini, akiandika taarifa ya nusu mwaka, na ndani ya taarifa hiyo aliandika kwamba malalamiko ya wasafiri yamefikia kiwango cha chini kabisa.

Walipoaga, jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa. Kituoni walisimama wawili peke yao. Nkwimba alihisi kwamba akipanda dungu lile bila kusema, hatasema tena maisha yake yote.

"Mama, ni mimi niliyeiandika."

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Kanuni iliyokuzuia. Hata yale maneno uliyojibiwa niliyapitisha mimi."

Mama Eustella alimtazama. Dungu lilifika, likafungua mlango, likangoja. Hakuna aliyeingia.

"Ulipoiandika, ulikuwa unanijua?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naangalia namba. Ulikuwa mwaka wa giza, hospitali zilikuwa karibu kuzimika."

"Mwaka huo naukumbuka. Bulugu alipasuliwa tumbo mwaka huo, pale Bugando. Saa nne nzima mezani, na taa haikuzimika. Kumbe ni wewe."

Nkwimba hakujua ashukuru au aombe radhi. Mama hakumpa nafasi ya lolote kati ya hayo.

"Basi mwaka huo ulifanya vema. Umeme ulirudi lini?"

"Mwaka uliofuata. Mvua zilipojaza ziwa."

"Na kanuni?"

Nkwimba alihesabu kimoyomoyo. Miaka minane. Hakuna aliyemkataza kuiondoa. Hakuna aliyemwomba aiache. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, na kitu kinachofanya kazi vizuri hakimwiti mtu ofisini. Alisema ukweli huo, kwa maneno machache, na ulimchoma zaidi ulipotoka.

Mama Eustella aliingia ndani ya dungu akakaa. Njia nzima hadi Igogo alitazama chini, kwenye taa za kwanza za nyumba, na Nkwimba hakumsumbua. Walipokaribia jabali, Nkwimba alimwambia kwamba ana uwezo wa kuliingiza jina lake kwenye orodha ya watu maalumu, leo hii, na kesho dungu litamjia popote anapotaka.

"Usifanye hivyo." Mama alisimama, kikapu mkononi. "Usiniletee dungu kwa kunihurumia, wala kwa kuwa umenijua. Nami sitaki kulidanganya tena. Nataka lisimame kwa sababu nimesimama. Basi."

Alishuka. Alipofika ukingoni mwa jabali aligeuka, akamwambia Nkwimba alale salama, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe ila hakukosa adabu. Kisha akashika njia ya kwao.

Kesho yake asubuhi Nkwimba alifika mkutanoni kabla ya wote. Wajumbe walipoketi, alisimama akasema kwamba hawezi kuweka sahihi, kwa kuwa kati ya kanuni anazowapa ipo moja iliyokwisha muda wake na yeye hakuona. Aliwasimulia habari ya mjane wa Igogo bila kumtaja jina. Mkurugenzi wake, Bwana Ndalahwa, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo Nkwimba alilijua linakuja. Mbashiri anakisia kwa sababu watu wana sababu. Wakianza kwenda wanakotaka bila sababu, atakisia nini? Madungu yatakuwa hayapo yanapotakiwa. Watu watasubiri.

"Watasubiri dakika nne," Nkwimba alisema. Alikuwa amepiga hesabu hiyo alfajiri, mara tatu. "Kwa wastani."

Ndalahwa alikumbusha kwamba kwa miaka tisa hakuna mtu mjini aliyesubiri hata dakika moja. Nkwimba akamjibu kwamba hilo aliliandika yeye mwenyewe kwenye taarifa, na si kweli, maana wapo waliosubiri tangu Mei. Ila hawakuhesabiwa kuwa wanasubiri. Ubishi ule haukuisha siku hiyo wala wiki hiyo. Musoma walichukua mfumo kama ulivyokuwa. Bukoba waliuchukua bila ile kanuni. Mwanza yenyewe, baada ya vikao vinne na barua nyingi, ilikubali majaribio ya miezi mitatu, na mistari kumi na mmoja ya Nkwimba ikabadilishwa kwa mstari mmoja: mtu akisimama kituoni, dungu lisimame.

Majaribio yalianza Jumanne. Vituoni vibandiko vilibandikwa, redio zikatangaza kwamba sababu ya safari haitaulizwa tena. Nkwimba alikaa mbele ya ramani kubwa ya ofisini, ambamo kila msafiri alionekana kama nukta nyeupe. Saa saba kasoro, nukta moja ilitokea Igogo Juu. Dungu lililokuwa linakwenda kwingine lilipunguza mwendo, likasimama, likaondoka nayo kuelekea mashariki. Nkwimba aliifuata kwa macho hadi Nyakato. Nukta haisemi kama mtu amebeba maua au kikapu kitupu, wala kama amevaa miwani yake. Ilishuka, ikakaa palepale kituoni kidogo, kisha ikaondoka kwa miguu upande wa makaburi ya parokia.

Alipoinua macho, ramani ilikuwa imebadilika. Zilikuwapo nukta Mkolani, Mahina, Butimba, Kitangiri, kwenye vituo vya kijivu ambavyo yeye mwenyewe aliwahi kupendekeza viondolewe. Nyingine zilisimama mbilimbili. Mafundi wa zamu walikuja wakasimama nyuma ya kiti chake, wakihesabu kwa vidole, wakaacha walipofika mia tatu. Hakuna aliyejua watu hao wote walikuwa wamekaa wapi siku zote.

Simu ya kwanza ya malalamiko iliingia saa saba na dakika ishirini. Alikuwa mfanyabiashara wa Buhongwa, sauti yake imejaa mshangao zaidi kuliko hasira. Alisema amesimama kituoni dakika nne nzima, jambo ambalo halijamtokea tangu anunue duka, na anataka kuelezwa mfumo umeharibika nini.

Kwenye meza ya Nkwimba ilikuwapo karatasi yenye majibu matano yaliyoandaliwa na kitengo cha mawasiliano, yote ya adabu. Aliisukuma kando.

"Haujaharibika, baba," alimjibu. "Kulikuwa na mtu mbele yako."